Baba Alitoboa Chujio

2 Machi

Kwako Miwani,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaandika shikamoo kwa mwandiko wa mtihani na kuipigia mstari. Mimi mzima, ila miguu inalalamika kwa kusimama kutwa nyuma ya kaunta. Mama yako hajambo? Mwambie mapazia aliyonishonea bado yako dirishani na rangi yake haijapauka, tofauti na aliyeshonewa. Habari za baba yako sijauliza. Ukiona popote humu sentensi inayofanana na kumwulizia, jua mkono uliteleza.

Sasa kaa chini. Naolewa. Ijumaa ya kwanza ya Agosti, ofisi ya msajili wa ndoa, hapa mjini ninapoishi. Mchumba wangu ndiye anayekaanga kahawa ya mgahawa wetu, na watu wote wanamwita Mkaangaji, hata mama yake. Ni mpole, ananuka moshi, na hajawahi kunipandishia sauti. Nataka uje. Nimesema wewe. Baba yako simwaliki, na usinijie na maneno ya vitabuni kunibembeleza.

Ulikuwepo siku ninaondoka. Ulikaa pale kwenye ngazi unajifanya unasoma. Baba yako alisimama katikati ya karakana yake ya pampu, wateja wamejaa, mmoja kabeba pampu begani, akasema, "Huyu dada yangu ni bomba bovu. Kushona kaanza kaacha, nywele kaanza kaacha, kompyuta kaanza kaacha. Anadondoka tu, ndoo haijai." Wakacheka wote, na yule wa pampu begani akacheka kuliko wenzake. Huu mwaka wa tatu sijamwambia neno huyo kaka yangu, na kinywa changu hakijaota ukungu.

Kwenye kifurushi kuna chujio la bati. Alinipa Bosi, yule mama wa Kivietinamu mwenye mgahawa, wiki ile niliyoacha kuvunja vikombe vyake. Kwao kahawa haichemshwi. Weka vijiko viwili vya maziwa mazito ya kopo, yale matamu, chini ya glasi. Juu ya glasi kalisha chujio. Tia humo vijiko vitatu vya kahawa, kisha kile kibati kidogo chenye skrubu juu yake, kukandamiza. Mimina maji ya moto, funika, subiri. Itadondoka yenyewe. Ikiisha koroga, mimina kwenye glasi ya barafu, unywe.

Lakini tengeneza baba yako akiwepo, na usiseme neno. Nataka akae pale atazame glasi ikijaa tone kwa tone. Basi. Hiyo ndiyo barua yangu kwake.

Shangazi yako


24 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sikuipigia mstari.

Sote hatujambo. Mama amepata kazi ya mapazia ya hoteli, amezungukwa na kitambaa cha zambarau hadi anaonekana kichwa tu. Barua yako mwalimu wa zamu alinikabidhi mbele ya darasa zima, na wasichana wa nyuma wakaanza kuuliza ni ya nani. Nilitamani kuingia ndani ya dawati. Hata hivyo endelea kuandika kwa anwani ya shule, kwa kuwa simu ya nyumbani ni ya Baba, na wewe uliapa kwamba sauti yako haitaingia humo.

Hongera sana. Niliposoma kwamba unaolewa nilifurahi hadi nikasahau kwenda kula. Kisha nikafikiri. Kuja huko uliko ni safari ya siku nzima, na Mama ana mapazia ya hoteli. Peke yangu sitaruhusiwa. Nikienda maktaba tu naulizwa nitarudi saa ngapi. Kwa hiyo nitakuja Baba akija, na asipokuja sitakuja. Naomba unielewe, Shangazi, sikubembelezi. Ninaeleza tu kwamba ninyi wawili mkinuniana, anayebaki nyumbani ni mimi.

Kuhusu chujio. Nilitengeneza Jumapili mchana, sebuleni, Baba akiwa amejilaza kwenye kochi. Nilifuata maelezo yako, ila niliweka barafu mapema ili kuokoa muda. Matone yakaanza. Kusema kweli yalikuwa mazuri, meusi, yanaingia kwenye maziwa meupe na kukaa juu yake bila kuchanganyika. Nilikuwa karibu kusema neno, nikajizuia.

Baba akafungua jicho moja. Unamjua. Maisha yake yote kazi yake ni kuzuia vitu visidondoke. Mwaka jana tulialikwa chakula kwa mwalimu mkuu, akainuka katikati ya salamu kwenda kubana bomba la jikoni kwao. Basi akatazama glasi, akatazama chujio, akasema kitu hicho kinavuja. Mimi kimya, kama ulivyoagiza. Akasema kinavuja na watu wazima wamekaa wanakitazama. Mimi kimya. Akaenda karakana, akarudi na koleo, akaifunga ile skrubu kwa nguvu zote za mkono wake wa kulia.

Matone yakakoma. Akasimama pale kama mtu aliyeokoa wilaya nzima na mafuriko. Kwenye glasi kulikuwa na maziwa, maji ya barafu iliyoyeyuka, na kahawa isiyozidi chozi. Mama alicheka hadi akaweka sindano chini asijichome. Baba hakujua tunacheka nini, na hiyo ndiyo sehemu iliyonisikitisha.

Mwanao,
Miwani


16 Aprili

Kwako Miwani,

Marahaba. Huku ni vumbi na wateja wasioacha kijiko mezani, wanaondoka nacho mfukoni, watu wazima wenye tai. Mkaangaji aliungua mkono, si sana. Mama yako usimwache ashone usiku, mapazia ya zambarau hayana shukrani.

Nimesoma ya koleo. Nilimsomea na Mkaangaji, akasema labda kaka yangu alitaka kusaidia. Huyo ndiye mwanaume ninayeolewa naye, anaweza kumtetea hata mbu. Nikamwambia fundi yule hasaidii. Akiona kitu hakikwenda kama alivyozoea yeye, kwake kimeharibika. Ndivyo alivyoniona mimi miaka yote. Koleo tu ndilo hakuwa nalo mkononi siku ile.

Na wewe, barafu mapema ya nini? Umesoma vitabu vyote vya maktaba, hujui barafu inayeyuka? Kahawa ishuke kwanza, yote, ikutane na maziwa ikiwa moto, ukoroge, barafu mwisho. Kisha maji usiyamwage yote mara moja. Tia kidogo, kahawa ilowe ivimbe, ndipo ujaze. Na ile skrubu ni ya vidole viwili. Ikigoma, ilegeze. Haraka ya nini? Mtu akikaa dakika tano kuitazama glasi hafi. Angekuwa anakufa, Bosi angekuwa marehemu zamani.

Jaribu tena mbele yake. Koleo lifiche.

Hujanijibu kitu kimoja. Anajua kwamba naolewa, au hajui? Si kwamba nina haja ya kujua. Nauliza kwa ajili ya mipango ya viti.

Shangazi yako


7 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa Mkaangaji. Mama anauliza kama ameweka dawa. Paka wa jirani amezaa ndani ya kitambaa cha hoteli, na Mama amesema dirisha moja litakuwa na historia. Mimi nimekuwa wa pili katika insha, nyuma ya msichana anayetumia neno "hakika" mara nne katika aya moja. Sina kinyongo naye. Ninahesabu tu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nianzie kwenye drili.

Koleo nililificha kama ulivyosema, chini ya godoro langu. Skrubu niliilegeza kwa shida sana kwa kuwa Baba alikuwa ameiharibu meno. Jumamosi nikaandaa kila kitu mezani kabla hajarudi: maziwa, kahawa, barafu bado ndani ya jokofu. Nikaenda kuchemsha maji. Niliporudi chujio halikuwepo. Nikasikia drili karakana.

Nilikimbia, Shangazi, na mimi huwa sikimbii. Alikuwa amelibana kwenye meza ya kazi, miwani ya usalama usoni, anatoboa tundu moja baada ya jingine kitakoni mwa chujio lako. Akanieleza kwa furaha kabisa kwamba amegundua tatizo: waliolitengeneza walikosea, matundu ni madogo mno, maji hayana njia. Mteja aliyekuwa pale akaafiki kwamba vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo. Kwenye vitabu watu huwa na jibu. Mimi nilikuwa na birika.

Alilisafisha kwa tambara, akanirudishia mwenyewe, akaniambia nijaribu. Nilijaribu. Kahawa ilishuka yote kwa mkupuo mmoja, na machicha yake, kama matope ya mfereji. Glasi ilijaa papo hapo. Baba akasema, "Umeona? Sasa linafanya kazi."

Sikumchukia. Nilimdharau tu, kwa siku mbili hivi, halafu ikawa vigumu kuendelea kwa sababu aliniletea taa mpya ya kusomea.

Kuhusu lile swali lako la viti, Mama anasema tungoje kidogo.

Mwanao,
Miwani


19 Mei

Miwani,

Sina salamu leo, jisalimie mwenyewe.

Lile lilikuwa chujio langu la kwanza. Mapya yanauzwa, najua, Bosi ana rafu nzima. Lile nilifundishiwa. Asubuhi tatu mfululizo Bosi alinikalisha mbele yake akanikataza kuligusa hadi glasi ijae, mimi, mtu asiyemaliza. Nikamaliza. Nililituma kwako ili yeye aone. Naye kaona kasoro, kachukua drili.

Usimwambie habari ya harusi. Usimwambie tarehe, usimwambie mji. Mkaangaji aliniuliza juzi upande wangu watakuja watu wangapi, nikamwambia nina mpwa mmoja tu, anasoma sana, labda atapata ruhusa. Akanyamaza. Sipendi mtu ninayempenda akininyamazia kwa huruma. Hilo nalo nimelipata kwa hisani ya kaka yangu.

Viti nimefuta.

Shangazi


11 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hukutaka barua, kwa hiyo hii unaweza kuiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Ukiisoma, basi habari ni kwamba Mama amemaliza mapazia, paka wamepewa watu, na mimi nina mitihani wiki ijayo.

Jambo hili nimelikuta kwa bahati. Kila siku saa nne Baba huomba maji ya moto. Nilidhani ni ya kulainisha mpira wa pampu. Juzi hatukuwa na masomo, nikampelekea mwenyewe karakana, na nikaona kwamba chujio lako, nililodhani Mama amelitupa, analo yeye. Liko kwenye rafu ya kazi, kati ya kopo la grisi na boksi la washa, zile pete za mpira za bomba, limefunikwa kitambaa safi. Kopo la maziwa mazito pia lipo, amelifungia mfuko wa nailoni wadudu wasiingie. Barafu hununua kwa muuza soda.

Alikuwa na wateja wawili. Akatengeneza mbele yao. Anakosea karibu kila kitu, na machicha yote huingia kwenye glasi, lakini anakunywa hadi chini na kutafuna kinachobaki. Mmoja akamuuliza hicho ni kinywaji gani cha ajabu, kahawa yenye barafu. Baba akamtazama kama mtu asiyejua pampu ni nini. Akasema hiyo ndiyo kahawa wanayokunywa watu wanaojua kahawa, na kwamba amefundishwa na dada yake, ambaye ni mtaalamu, na huko aliko mgahawa hauwezi kufunguliwa asubuhi kama yeye hajafika.

Nilirudi nyumbani bila kuonekana. Kwanza nilikasirika. Nyumbani hajakutaja miaka mitatu, na pale anajigamba nawe kwa watu waliokuja kununua washa. Mama nilipomwambia alisema analijua siku nyingi, na kwamba yeye ndiye aliyemnong'oneza Baba chujio lilikotoka, nikamkasirikia yeye pia. Watu wazima mna siri za kijinga kweli, Shangazi, na ninaandika hivyo kwa heshima.

Sikumwambia tarehe. Nimetii. Lakini sikubaliani na wewe.

Mwanao,
Miwani


8 Julai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya Juni ilifika. Nimeuliza kwa mwalimu wa zamu hadi ameanza kunikimbia. Mitihani imekwisha. Mama anakusalimu na anasema ameanza kushona gauni ambalo hataki kuniambia ni la nani, ingawa kipimo anakikumbuka.

Nimevunja amri yako. Nieleze ilivyokuwa, kisha unitukane.

Jana Baba alikuwa na mama mmoja mwenye pampu ya kisima, na vijana wawili wa ujenzi. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi na kitabu, na safari hii nilikuwa nasoma kweli. Akaanza tena habari za dada yake mtaalamu. Sasa mgahawa umeshakuwa wako, Shangazi. Una wafanyakazi kumi na gari la kubebea kahawa. Yule mama akasema basi fundi una bahati, dada kama huyo huja lini kuwatembelea? Baba akasema anabanwa na kazi.

Unajua mimi nikiambiwa nisome kwa sauti darasani huomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilifunga kitabu nikasimama. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka.

"Baba, Shangazi hana mgahawa, ameajiriwa. Anaolewa Agosti na hakukualika, kwa sababu ulimwita bomba bovu hapo hapo uliposimama."

Vijana wa ujenzi waliangalia viatu vyao. Yule mama alisema atarudi kesho kuchukua pampu. Baba hakunigombeza. Aliendelea kufunga nati moja aliyokuwa ameshaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Nilitamani anigombeze. Nilikaa chini, nikajifanya ninasoma.

Usiku alikula bila kuinua macho. Mama akamtazama kama mtu anayefuatilia mchezo. Kisha Baba alinifuata kwenye kona yangu ya kusomea, akarekebisha taa ambayo haikuwa na tatizo lolote, akauliza kama huyo mwanaume anafanya kazi gani. Nikamwambia anakaanga kahawa. Nilimwona dharau inampanda usoni, Shangazi, ilifika hadi puani, kisha akaimeza. Sijawahi kumwona akimeza kitu kikubwa hivyo. Akauliza kama ni ofisini au wapi. Nikasema ofisini, kwa msajili.

Akafika mlangoni, akaichezea bawaba. Ndipo akasema, "Ofisini wanataka shahidi kila upande. Upande wake shahidi nani?"

Nikasema sijui. Akasema nikuulize. Alipofika nusu ya ukumbi akarudi, akaniambia niandike kama swali langu mwenyewe, nisikuambie kwamba ameuliza yeye.

Ameuliza yeye.

Ninasubiri jibu. Zimebaki wiki chache na barua huchukua muda wake, kwa hiyo tafadhali usikae ukanuna wiki mbili kama kawaida yako. Nisamehe kwa neno hilo. Kwa kuvunja amri sikuombi msamaha.

Mwanao,
Miwani


16 Julai

Kwako Miwani,

Marahaba. Barua zote mbili zilifika. Ya Juni niliisoma mara moja nikaiweka, kisha nikawa naichukua tena kila ninapofunga mgahawa. Nilikuwa naandaa matusi ya kukujibu, hayakuiva. Mtoto umekuwa na ulimi. Nani kakufundisha, sijui, na usinitaje mimi.

Wafanyakazi kumi. Gari. Mwambie akome, watu watakuja kuomba kazi.

Na machicha hayatafunwi, yanamwagwa kwenye maua. Kwa chujio lile sasa hakuna la kufanya, tundu likishapanuliwa halirudi. Atafute kitambaa cha pamba aweke chini ya kahawa, itashuka polepole kidogo. Akibisha, mwache aendelee kutafuna.

Mama yako mwambie kiuno kimeongezeka vidole viwili. Atanielewa.

Sasa hilo swali lako, kwa kuwa umesema ni lako na mimi nimeamua kuamini. Shahidi upande wangu sina. Bosi alijitolea, nikamwambia angoje. Mkaangaji ameniuliza ninangoja nini, nikamwambia si kazi yake.

Ofisi inafunguliwa saa tatu asubuhi. Shahidi huja na kitambulisho, awe mtu mzima, na atie sahihi mbele ya msajili. Basi la kutoka huko kwenu linafika hapa jioni, kwa hiyo mtu akitaka kuwahi saa tatu lazima awe amepanda siku moja kabla. Nina chumba kimoja, lakini kochi linakunjuka, na wewe utalala na mimi.

Sijamwalika mtu. Nimetaja tu saa ya ofisi.

Shangazi yako